Shule ya Mwaka Mzima: Hoja Zake Katika Mizani ya Historia

Utangulizi

Mwaka juzi bodi ya shule moja ya sekondari ya kanisa, ambayo mimi ni mjumbe wake, iliwekewa mezani pendekezo la kurasa nne. Lilitaka shule iache utaratibu wa kufunga na kufungua kwa pamoja, iwe shule ya mwaka mzima: wanafunzi wagawanywe katika makundi manne, matatu yawe darasani na moja likizoni, nayo yapokezane hivyo tangu Januari hadi Desemba. Mwandishi wake alikuwa mtu msomi na mwenye nia njema. Alisema kwamba mabweni na madarasa yaliyojengwa kwa sadaka za washarika hukaa matupu karibu robo ya mwaka. Akasema pia kwamba watoto wakiwa nyumbani husahau waliyofundishwa. Hatimaye akaeleza kuwa likizo ndefu ni mabaki ya zama za wakulima wa Ulaya na Amerika, waliowahitaji watoto wao mashambani wakati wa joto; na kwa kuwa dunia imegeuka, hakuna sababu ya sisi kushikilia desturi isiyotuhusu.

Wengi wetu tulitikisa vichwa kukubali, na mimi nikiwamo. Tulikubali upesi kwa sababu hoja hizo zina sura ya historia, na jambo likivaa vazi la historia watu huliheshimu kabla ya kulichunguza. Makala hii imetokana na kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kutikisa kichwa. Nimezifuata hoja hizo hadi zilikozaliwa, Marekani hasa, na nyuma yake hadi Ujerumani ya Matengenezo ya Kanisa, maana swali lililo chini yake, yaani nani ana haki juu ya muda wa mtoto, lilishughulikiwa na walimu wa kanisa letu tangu karne ya 16. Rai yangu ni kwamba kalenda ya shule haijawahi kuwa hesabu ya siku tu. Kila ilipobadilishwa yuko aliyelipa gharama, na mara nyingi huyo alikuwa mtoto wa maskini, ambaye hakuwa na mtu wa kumsemea katika mkutano.

Hadithi ya mkulima

Tuanze na hoja ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo dhaifu zaidi. Husemwa kila mahali kwamba Wamarekani hufunga shule tangu Juni hadi Agosti kwa sababu babu zao walikuwa wakulima. Mtu yeyote aliyekulia shambani angepaswa kuitilia shaka hadithi hiyo mara aisikiapo. Mkulima huhitaji mikono mingi wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Katika sehemu kubwa ya kaskazini ya Marekani, kupanda huangukia miezi ya Aprili na Mei, na mavuno mengi huangukia Septemba na Oktoba. Ndiyo maana shule nyingi za vijijini katika karne ya 19 zilikuwa na mihula miwili, mmoja wa baridi na mmoja wa joto, zikifungwa katikati ili watoto wakapande na kuvuna. Muhula wa joto ulikuwa hasa wa wasichana na watoto wadogo. Vijana wa kiume wenye nguvu walikuja wakati wa baridi, theluji ilipowafukuza shambani. Kwa hiyo mwezi Julai watoto wengi wa wakulima walikuwa darasani, wakati uleule ambao hadithi inatuambia walikuwa na jembe mkononi.

Mijini hali ilikuwa ya kushangaza zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 shule za New York, Chicago na Detroit zilikuwa wazi siku zipatazo 240 au zaidi kwa mwaka. Hiyo ndiyo shule ya mwaka mzima hasa, na ilikuwapo kabla ya mtu yeyote kuibuni kama jambo jipya. Iliachwa kidogokidogo kwa sababu ambazo hazina uhusiano na mashamba. Madarasa ya mji wakati wa joto yalikuwa kama tanuri. Familia zenye uwezo zilihama mji katika miezi hiyo, na kwa kuwa mahudhurio hayakuwa ya lazima (sheria ya kwanza ya jimbo kuhusu jambo hilo ilitungwa Massachusetts mwaka 1852), mwalimu alibaki akiwafundisha wachache. Madaktari nao walikuwa na neno lao. Mwaka 1832 daktari Amariah Brigham alichapisha kitabu kilichoonya kwamba akili ya mtoto ikifanyishwa kazi mno huudhuru mwili, na hofu hiyo ilienea sana miongoni mwa waliosimamia elimu. Zaidi ya hayo walimu walianza kutumia miezi ya joto kwa mafunzo yao wenyewe.

Wakati huohuo wasimamizi walewale walizisukuma shule za vijijini ziongeze siku. Mji ulipunguza, kijiji kikaongeza, na hatimaye wakakutana karibu na siku 180. Mwanahistoria Kenneth Gold ameieleza safari hiyo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu masomo ya majira ya joto katika shule za umma za Marekani. Kalenda iliyotokea ni maafikiano, na katika maafikiano hayo sauti za watu wa mjini waliokuwa na mahali pa kukimbilia joto zilisikika kuliko sauti ya mkulima. Basi yule asemaye kwamba likizo ndefu ifutwe kwa kuwa wakulima wamepungua anabomoa nyumba ambayo haikujengwa na wakulima. Huenda ibomolewe, lakini atafute sababu nyingine.

Luther, Hecker na wakati wa mavuno

Wazazi wa Ujerumani ndio waliokuwa na hoja ya kweli ya shamba na karakana, na hapa ndipo historia yetu wenyewe inapoingia. Katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji yote ya Ujerumani, Martin Luther anawataka waanzishe na kutunza shule za Kikristo. Anajua watamjibu nini: nani awezaye kuwaacha watoto wake wakae kama watoto wa mabwana, ilhali kazi za nyumbani zinangoja? Luther haipuuzi hoja hiyo wala hawatishi wazazi. Anasema kwamba mawazo yake ni mvulana aende shule saa moja au mbili kwa siku, na muda uliobaki afanye kazi nyumbani na kujifunza ufundi. Msichana naye apate saa moja, kisha atimize wajibu wake wa nyumbani. Anaongeza, kwa ukali wake wa kawaida, kwamba vijana hao hupoteza mara kumi ya muda huo katika michezo ya mpira, mbio na mieleka.

Naomba wanafunzi wa theolojia waitazame hesabu hiyo kwa makini, kwa sababu sisi tunaomtaja Luther kila tunapofungua shule huwa hatuitaji. Luther aligawa siku. Sisi tumezoea kugawa mwaka: miezi mitatu mtoto ni wa shule usiku na mchana, mwezi mmoja ni wa mzazi. Kwa Luther mtoto alikuwa wa wote wawili kila siku, na kwa hiyo swali la likizo halikuwa na uzito.

Karne mbili na nusu baadaye wazo hilo lilipata umbo la sheria. Vita vya Miaka Saba vilipomalizika mwanzoni mwa mwaka 1763, Mfalme Frederick II wa Prusia alitoa kanuni kuu ya shule za vijijini, tarehe 12 Agosti mwaka huohuo. Aliyeitunga alikuwa mchungaji: Johann Julius Hecker (1707–1768), aliyelelewa katika Upietisti wa Halle, mchungaji wa Kanisa la Utatu mjini Berlin tangu 1739, na mwanzilishi wa chuo cha walimu mwaka 1748. Kanuni ya Hecker iliwataka watoto waende shule tangu umri wa miaka mitano hadi 13 au 14. Kuanzia sikukuu ya Malaika Mikaeli hadi Pasaka, shule ya baridi ilipaswa kuwapo siku sita kwa juma, saa tatu asubuhi na saa tatu alasiri, isipokuwa alasiri za Jumatano na Jumamosi. Wakati wa joto masomo yalikuwa saa tatu tu kwa siku, asubuhi au alasiri, kadiri mchungaji wa mahali alivyoona inafaa. Likizo hazikuruhusiwa kabisa, hata wakati wa mavuno.

Kanuni hiyo ina mambo mengine ambayo msomaji mchungaji hatayafurahia sana. Iliagiza mchungaji azitembelee shule za usharika wake mara mbili kila juma. (Mimi mwenyewe nikihesabu ziara zangu za mwaka uliopita sifiki hata theluthi ya deni hilo.) Iliagiza pia kwamba ada ya mtoto wa maskini na yatima ilipwe kutoka fedha za kanisa, za kijiji au za sadaka, ili mwalimu asikose haki yake.

Hii ndiyo shule ya mwaka mzima iliyotungwa na mkono wa Kilutheri. Ilikuwa na hekima moja ambayo pendekezo la bodi yetu halikuwa nayo: haikudai kwamba miezi yote ni sawa. Wakati wa joto ilimwachia mzazi nusu ya siku. Hata hivyo haikutimizwa kama ilivyoandikwa. Wazazi waliwahitaji watoto kuchunga mifugo, wakalipa faini au wakajificha. Wenye mashamba makubwa hawakuona faida ya kuwaelimisha watoto wa vibarua wao. Walimu wa vijijini walikuwa maskini kiasi cha kutegemea ushonaji wa nguo ili waishi, na mwaka 1779 mfalme yuleyule aliagiza askari wake walemavu wapewe kazi za ualimu, kwa kuwa hazina haikuwa na njia nyingine ya kuwatunza. Hecker aliandika kalenda ya mwaka mzima. Lakini mshahara wa mwaka mzima haukuandikwa.

Wako watakaosema kwamba Hecker alikosea pia kitheolojia, maana Kutoka 34:21 inaamuru pumziko hata wakati wa kulima na kuvuna, naye akafuta likizo hata wakati wa mavuno. Hoja hiyo inavutia mimbarini, lakini siikubali upesi. Mtoto wa mkulima wa Prusia aliyeachiliwa wakati wa mavuno hakwenda kupumzika. Alikwenda kukusanya masuke tangu alfajiri hadi giza, na yamkini zile saa tatu za shule ndizo zilizokuwa pumziko lake la pekee. Nimewasikia wasichana wa kidato cha pili wakisema jambo linalofanana na hilo kuhusu likizo zao za Juni.

Majengo matupu

Hoja ya majengo ndiyo iliyoubeba mjadala huu katika karne ya 20, na historia yake inaanzia mlangoni mwa kanisa. Miji ya Marekani ilipokwisha kufunga shule zake wakati wa joto, watoto wa wahamiaji na wa wafanyakazi walibaki mitaani. Mwaka 1866 Kanisa la Kwanza la Boston lilifungua shule ya likizo kwa ajili yao. Mfano huo ulienea, na mwaka 1894 chama kimoja cha kuwasaidia maskini wa New York kikafungua shule za namna hiyo, ambazo baada ya miaka michache zilichukuliwa na halmashauri ya elimu ya mji. Mwaka 1901 mchungaji Mbaptisti, Robert Boville, aliona mjini humo kwamba makanisa yamekaa bure, watoto wamekaa bure, na wanafunzi wa vyuo wamekaa bure, akaviunganisha vyote vitatu katika shule ya Biblia ya kila siku wakati wa likizo. Semina za likizo za Shule ya Jumapili tunazoendesha katika sharika zetu ni wajukuu wa jambo hilo, ingawa wengi wetu tunazidhani kuwa zimebuniwa na idara za dayosisi zetu.

Wakuu wa shule nao hawakukaa kimya. Mwaka 1904 William Wirt alijaribu mwaka wa mihula minne huko Bluffton, Indiana. Newark, mji wa wahamiaji wengi, ulifungua shule za mwaka mzima mwaka 1912, ukitaka watoto wajifunze Kiingereza na kumaliza masomo mapema kabla umaskini haujawatoa shuleni. Ziliendelea hadi 1931. Aliquippa, mji wa viwanda vya chuma wa Pennsylvania, ulifanya hivyo tangu 1928 hadi 1938 kwa sababu watoto walikuwa wengi kuliko nafasi. Tofauti kati ya miji hii miwili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Newark iliongeza siku za masomo. Aliquippa ilipokezanisha watoto ili wote waenee, na siku za kila mtoto hazikuongezeka. Mambo hayo mawili yamebeba jina moja tangu hapo, na mkanganyiko mwingi umetoka hapo: anayelipigia debe la kwanza hutoa mifano ya la pili.

Utaratibu wa makundi manne tulioletewa sisi ulipata sura yake ya sasa mwaka 1969 katika wilaya ya shule ya Francis Howell, Missouri, na mwaka 1970 katika wilaya ya Valley View, Illinois. Mtoto husoma siku 45, hupumzika siku 15, na kurudia hivyo mara nne. Jumla ni siku 180 zilezile. Shule iliyojengwa kwa watoto 750 hupokea 1,000, kwa kuwa daima robo yao wako nyumbani. Kama hesabu ya majengo, haina kosa.

Ajabu ni kwamba miaka miwili kabla ya Missouri wazo hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa Tanzania. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alieleza kwamba shamba la shule haliwezi kuachwa wanafunzi wote wanapokwenda likizo. Mifugo haiwezi kungoja, na mazao hayapaliliwi na watu wasiokuwapo. Akashauri madarasa yapokezane kwenda likizo, na akakiri kwamba kufanya hivyo kutahitaji mipango mingi. Lakini kwake kupokezana kulikuwa kwa ajili ya kazi ya wanafunzi wenyewe, si kwa ajili ya kuwaingiza wengine katika vitanda vyao. Kalenda ya taifa iliendelea kufunga shule zote kwa pamoja, na sehemu hiyo ya waraka husahauliwa hata na wale wanaoukumbuka.

Mahali pa kuona mwisho wa hoja ya majengo ni Los Angeles. Katika miaka ya 1980 na 1990 shule za mji huo zilijaa kupita kiasi, hasa katika mitaa ya wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati. Baadhi yake ziliwekwa katika utaratibu mkali zaidi: makundi matatu, mawili ndani na moja nje wakati wote, hivyo jengo likabeba nusu zaidi ya uwezo wake. Ili hesabu ikubali, kila kundi lilipata siku 163 za masomo badala ya 180, na dakika za kila siku zikaongezwa kufidia. Siku 17 zilizopunguzwa huonekana chache. Mtoto ambaye angesoma hivyo miaka yote 12 angekosa siku 204, ambazo ni zaidi ya mwaka mzima wa shule. Masomo mengine ya juu yalifundishwa katika kundi moja tu, na mtoto wa kundi lingine hakuyapata. Mitaa ya matajiri haikupangiwa utaratibu huo.

Mwaka 2000 kesi ijulikanayo kama Williams ilifunguliwa dhidi ya jimbo la California kuhusu hali ya shule za maskini, na utaratibu wa siku 163 ulikuwa miongoni mwa malalamiko. Mapatano ya mwaka 2004 yaliagiza ukomeshwe ifikapo 2012. Kilichouondoa hasa ni matofali: Los Angeles ilijenga shule mpya zaidi ya 100. Kwa maneno mengine, baada ya miaka mingi ya kutumia kalenda mahali pa majengo, mji ulirudi kujenga majengo. Naamini kila mjumbe wa bodi angepaswa kuijua habari hii kabla ya kusema kwamba kalenda ni njia ya bei nafuu. Unafuu ulikuwapo kwa mlipa kodi. Bei ililipwa na mtoto, kwa siku zake.

Hoja ya kusahau

Hoja hii ina heshima zaidi, kwa kuwa inamtazama mtoto mwenyewe. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti 39 kuhusu likizo ya majira ya joto, wakahitimisha kwamba kwa wastani mtoto wa Marekani hurudi akiwa amepoteza kiasi cha masomo ya mwezi mmoja. Katika hisabati karibu wote walirudi nyuma. Katika kusoma, watoto wa familia zenye uwezo walisonga mbele kidogo na watoto wa maskini walirudi nyuma. Huko Baltimore, Karl Alexander na wenzake waliwafuatilia watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 1982, na mwaka 2007 wakaandika kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya usomaji kati ya vijana wa maskini na wa matajiri ilitokana na likizo za miaka ya shule ya msingi. Tangu hapo hoja hiyo imekuwa maarufu. Hata hivyo mwaka 2019 Paul von Hippel na wenzake walionyesha kwamba matokeo hayo hutegemea sana aina ya mitihani na namna ya kuipima, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwapo kabla mtoto hajaingia darasa la kwanza. Aliye mkweli hatalijenga pendekezo zima juu ya msingi ambao wataalamu wenyewe bado wanaupima.

Hata tukikubali kwamba watoto husahau, je, kalenda ya mwaka mzima huponya? Cooper na wenzake walirudi kwenye swali hilo mwaka 2003, wakakuta faida ndogo sana kwa jumla. McMullen na Rouse walipochunguza wilaya ya Wake, North Carolina, mwaka 2012, hawakukuta faida kwa mtoto wa kawaida. Jennifer Graves alikuta mwaka 2010 kwamba huko California shule za makundi ya zamu zilishuka. Sioni ajabu. Siku zilezile 180 zikikatwa vipande vidogo, kila pumziko linakuwa fupi lakini yanakuwa mengi. Kinachomsaidia mtoto wa maskini ni kufundishwa siku zaidi, na mwalimu mzuri. Hayo yanadai fedha, na hapo ndipo wengi wa watetezi huishia.

Lipo pia kosa la kuihamisha hoja bila kuipima. Likizo ya Marekani huchukua majuma kumi hivi. Tanzania hufunga mwezi mmoja hivi Juni na mwezi mmoja hivi Desemba, pamoja na mapumziko mafupi, na kalenda ya Wizara huhesabu siku 194 za masomo. Mwaka uliosawazishwa, ambao watetezi wa Marekani wanautamani, sisi tumekuwa nao bila kuuita jina hilo.

Na tunao mfano wa karibu wa mwaka usio na likizo za kutosha. Shule zetu zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Tanzania ilizifungua zote kufikia mwisho wa Juni. Kenya ilikawia hadi Januari 2021 kuwarudisha wanafunzi wote, na ili kufidia muda ikasukuma mihula minne ndani ya mwaka mmoja, 2021 na tena 2022, likizo zikiwa fupi mno. Kalenda ya kawaida ilirejea Januari 2023. Wazazi walilalamika kwamba karo ya muhula mmoja haijamalizika ya mwingine imefika. Mwishoni mwa 2021 mabweni mengi yalichomwa moto, na viongozi wa walimu hawakusita kuitaja kalenda iliyobanana kuwa mojawapo ya visababishi. Sidai kwamba ilikuwa sababu pekee; shule za Kenya zilikuwa zimechomwa hata kabla ya korona.

Tulichofanya

Bodi ilipokutana tena nilisoma muhtasari wa mambo haya. Sikushawishi wote. Mwenyekiti aliuliza maswali ambayo hayakuwa ya historia: mpishi mmoja na msaidizi wake watapumzika lini, kisima kitasafishwa lini ikiwa hakuna juma ambalo shule haina watu, na ndugu wawili walio katika makundi tofauti watafunguaje pamoja nyumba ya bibi yao. Mhasibu akaongeza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria, kwamba wazazi wengi hulipa ada baada ya kuuza mazao, na kundi litakaloanza muhula kabla ya mauzo litakuwa na wadaiwa nusu. Pendekezo liliahirishwa, na hadi naandika haya halijarudishwa.

Juni iliyofuata tulijaribu jambo dogo usharikani kwetu, tukikopa kwa Hecker na kwa Boville bila kuwaambia wazazi majina hayo. Tulifungua ukumbi wa kanisa saa mbili hadi saa tano asubuhi, siku tano kwa juma, bila ada, kwa watoto wa darasa la nne hadi la saba. Wanafunzi wawili wa chuo chetu waliokuwa likizoni walifundisha kusoma na hesabu, kisha katekisimo kwa nusu saa. Juma la kwanza walikuja watoto 31. Juma la tatu, maharage yalipokomaa, walikuja 12. Tulihamishia masomo alasiri, saa tisa hadi saa kumi na mbili, wakarudi 26. Mmoja wao alikuja na kikapu chake, akakiweka chini ya benchi la mbele, akasoma.